Umeteuliwa kuwa mratibu wa jinsia idarani: uanzie wapi?

Swali hili huja kila muhula, na huja kwa sura ileile: "Nimepewa barua kwamba mimi ndiye mratibu wa jinsia wa idara, yaani msimamizi wa usawa kati ya wanawake na wanaume kazini. Hakuna aliyenieleza kazi yenyewe. Nianzie wapi?" Wengine wanapouliza huwa wameshapanga semina ya siku moja na bango limeshachapishwa. Nimeandika mwongozo huu ili upate jibu kamili mahali pamoja, uwe kwenye idara ya chuo kikuu au kwenye taasisi ya utafiti.

Niseme msimamo wangu mapema. Semina peke yake haijawahi kumpandisha mtu cheo. Kinachowakwamisha wanawake kwenye kazi za chuo na utafiti kimejificha ndani ya taratibu za kila siku: tangazo la kazi linavyoandikwa, nani anapewa darasa la wanafunzi mia tatu, faili la nani linafunguliwa siku ya kujadili vyeo. Hizo ndizo tutakazoshika. Ukianza kwa kuwafundisha wanawake kujiamini umeshika pasipouma.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Barua ya uteuzi yenye hadidu za rejea (maelezo ya kazi na mipaka yake), ikitaja unaripoti kwa nani na unaruhusiwa kuona takwimu zipi. Barua yenye sentensi moja irudishe kwa heshima, uombe ikamilishwe.
- Muda. Omba upunguziwe vipindi au jukumu jingine. Kazi hii ikiwekwa juu ya mzigo uleule, utaifanya usiku, na baada ya mwaka utakuwa umechoka na makala yako haijaandikwa.
- Watu watano hadi wanane wa kufanya nao kazi. Wanaume wawemo, na angalau mmoja awe mwenye sauti kwenye vikao vikubwa. Awemo fundi wa maabara au mtumishi wa ofisi, mwanafunzi wa shahada za juu, na mtu wa mkataba wa muda.
- Takwimu za miaka mitano: orodha ya watumishi, kumbukumbu za uajiri, maombi ya vyeo, ratiba za ufundishaji, wajumbe wa kamati.
- Mahali salama pa kuhifadhi taarifa, penye nywila, si kwenye kompyuta ya ofisi ya pamoja.

Fedha nyingi hazihitajiki mwanzoni. Idhini ya maandishi ya mkuu inahitajika.

Hatua ya 1: Hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akiomba nafasi zaidi ya maabara na haaminiwi kwamba ana nafasi ndogo. Akachukua futikamba, akapima maabara moja baada ya nyingine. Vipimo vikaonyesha kwamba wanaume waliokuwa chini yake kwa cheo walikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye. Alipokaa na wenzake wakahesabu, mwaka 1994 kitivo chao cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu kwa wanaume 194. Ripoti ilitoka mwaka 1999 na uongozi wa chuo ukakiri tatizo. Malalamiko yaliyokuwa yakipuuzwa kwa miaka yalipata nguvu yalipovaa namba.

Nawe tengeneza majedwali matatu.

Jedwali la kwanza ni la ngazi. Usikubali jumla. Tuchukue idara ya mfano yenye watu 24. Wahadhiri wasaidizi ni 8, wanawake 5. Wahadhiri 9, wanawake 4. Wahadhiri waandamizi 4, mwanamke 1. Maprofesa 3, hakuna mwanamke. Mkuu atasimama kikaoni aseme kwa ukweli kabisa kwamba wanawake ni asilimia 42. Lakini soma kutoka chini kwenda juu: tano, nne, moja, sifuri. Hadithi yote imo humo. Duniani kote, kwa takwimu za UNESCO, wanawake ni takriban theluthi moja ya watafiti, na hiyo nayo ni jumla inayoficha ngazi.

Jedwali la pili ni la safari ya ajira: walioomba, walioingia orodha fupi, waliosailiwa, waliopewa nafasi, walioikubali. Litakuonyesha wanawake wanapotelea mlango upi. Wakiwa wengi kwenye maombi na wachache kwenye orodha fupi, shida iko kwa wanaochuja. Wasipoomba kabisa, kagua tangazo na njia lilikopita.

Jedwali la tatu ni la vyeo: nani ana sifa, nani ameomba, nani amepata, na kila mmoja amekaa miaka mingapi kwenye ngazi aliyopo. Safu hiyo ya miaka ndiyo huwa inanyamazisha chumba.

Kwenye majedwali yote ongeza aina ya mkataba, na pale watu walipokubali kujitambulisha, ulemavu. Mwanamke fundi mwenye mkataba wa miezi sita hakabiliwi na mambo yaleyale yanayomkabili profesa mshiriki wa kudumu, na mpango ukiandikwa kwa ajili ya profesa peke yake, huyu fundi hautamfikia.

*Kosa la kawaida:* kutumia asilimia kwenye idara ndogo. Mtu mmoja akihama, asilimia inaruka. Tumia idadi halisi, unganisha miaka mitano, na usichapishe kisanduku chenye watu wachache kiasi kwamba msomaji anaweza kubahatisha ni nani.

Hatua ya 2: Wasikilize watu, kwa maswali ya matukio

Dodoso fupi lisilo na majina, kisha mazungumzo ya vikundi vidogo. Usiulize "Je, unajisikia kuheshimiwa?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: "Mara ya mwisho ulipoomba fedha za kwenda kongamano ulijibiwa nini?" "Mara ya mwisho kazi yako ilitajwa kikaoni, ilitajwa kwa jina la nani?" Tukio lina tarehe, lina mahali, na linaweza kurekebishwa.

Mkuu wa idara asiwe ndiye anayekusanya majibu. Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza: kama sheria au kanuni za chuo zinakulazimu kuripoti jambo fulani, mwambie mtu kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya 3: Chagua mambo matatu

Matatu tu kwa mwaka wa kwanza. Nimeona mipango yenye malengo arobaini, imefungwa vizuri, ina nembo, na hakuna aliyejua lengo lipi ni la kwake. Kila jambo liwe na jina la mtu, tarehe, na kipimo.

Ukihitaji kielelezo, tazama sharti la mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe. Tangu miito ya maombi ya mwaka 2022, vyuo, taasisi za utafiti na vyombo vya umma vya nchi wanachama na nchi shirika (zilizojiunga na mfuko huo kwa makubaliano) haviwezi kupata ruzuku bila mpango wa usawa wa kijinsia wenye mambo manne: uwe hati ya wazi iliyosainiwa na uongozi wa juu, utengewe rasilimali na utaalamu, ukusanye takwimu na kuzifuatilia, na uwe na mafunzo. Mafunzo yamo, ila yana wenzake watatu. Hata kama chuo chako hakihusiki na mfuko huo, mwombaji mwenza kutoka Ulaya ataanza kukuuliza, na hiyo ni hoja nzuri ya kumpelekea mkuu anayesitasita.

Hatua ya 4: Rekebisha uajiri

Hapa kaa sana, maana uamuzi mmoja wa uajiri hudumu miaka thelathini.

Andikeni vigezo na uzito wake kabla ya kufungua bahasha ya kwanza. Mwaka 2005 Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha kwa majaribio kwamba watu wanaochagua mwombaji wa kazi yenye sura ya kiume huvipindisha vigezo bila kujijua: mwanaume akiwa na elimu, elimu inaonekana muhimu, asipokuwa nayo, umuhimu wake unapungua. Walipotakiwa kutaja vigezo kwanza, upendeleo ule ulitoweka. Dawa hii haina gharama yoyote. Karatasi moja, isainiwe na wajumbe wote, iwekwe kwenye faili kabla ya kuchuja.

Kisha kila mjumbe ajaze alama zake peke yake kabla ya mjadala. Akianza kuzungumza profesa mkubwa, wengine hufuata upepo.

Wajumbe wanawake nao wahusishwe kwenye tahadhari hizi. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake waliwapelekea maprofesa 127 wa sayansi nchini Marekani wasifu mmoja wa mwombaji wa kazi ya kusimamia maabara. Nusu waliona jina John, nusu Jennifer. John alionekana hodari zaidi na akapendekezewa mshahara wa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer, kwa wasifu uleule, dola 26,508. Maprofesa wanawake walifanya kama wanaume. Kwa hiyo kuongeza mwanamke mmoja mezani na kuuacha utaratibu ulivyo hakutoshi, na humwachia yeye mzigo wa kubishana na chumba kizima.

Usaili uwe na maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa kila mwombaji. Niliwahi kukaa kwenye jopo moja ambapo mwanamke mwenye shahada ya uzamivu aliulizwa, "Sasa mama, ukienda uwandani miezi mitatu, watoto utamwachia nani?" Alijibu kwa upole. Mwanaume aliyeingia baada yake alikuwa na watoto wanne, na aliulizwa kuhusu mbinu zake za sampuli. Mimi sikusema kitu siku ile, na jambo hilo limebaki nami. Leo nikiwa kwenye jopo nasoma kwa sauti mwanzoni kabisa: ndoa, mimba, watoto na umri havijadiliwi humu. Kuyakataa mapema ni rahisi kuliko kumkatiza mkubwa katikati ya sentensi.

Barua za wadhamini zisomwe kwa jicho kali. Uchambuzi wa Frances Trix na Carolyn Psenka uliochapishwa mwaka 2003, wa barua zaidi ya 300 za waombaji wa kazi kwenye shule moja ya tiba Marekani, ulikuta barua za wanawake ni fupi zaidi na zina maneno mengi zaidi yanayopanda shaka. Ukikutana na "ni mchapakazi, ana moyo wa kusaidia" bila hata makala moja kutajwa, rudi kwenye wasifu wenyewe uone alichofanya.

Hatua ya 5: Weka mgawanyo wa kazi ukutani

Chukua kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima. Ukurasa wa kwanza, mstari wa "Katibu wa kikao". Andika majina hayo kwenye karatasi, moja chini ya jingine. Kwenye idara moja niliyoisaidia, vikao kumi na moja kati ya kumi na viwili viliandikwa na wanawake wawili walewale. Hakuna aliyewahi kuamua hivyo. Kila mara mtu alisema, "Dada, tusaidie kuandika," na dada akasaidia.

Fanya hivyohivyo kwa ushauri wa wanafunzi, kupokea wageni, kuandaa mahafali, kamati za nidhamu, madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza. Kazi hizi lazima zifanyike, ila kwenye vyeo hazina alama. Mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba kwenye vikundi mchanganyiko wanawake hujitolea zaidi kufanya kazi ambayo kila mtu angependa ifanywe na mwingine, na pia huombwa zaidi. Kwenye vikundi vya wanaume watupu, wanaume walijitolea vizuri tu. Kwa hiyo acheni kuuliza "Nani atajitolea?" Wekeni zamu kwa alfabeti.

Jedwali la mzigo liwe wazi kwa wote: jina, vipindi, idadi ya wanafunzi, wanafunzi wa tasnifu, kamati, majukumu mengine. Ukilibandika, wiki ya kwanza kutakuwa na manung'uniko. Wiki ya pili watu huanza kubadilishana majukumu wenyewe.

Hatua ya 6: Vyeo

Usisubiri watu waombe. Kila mwaka, kwa tarehe maalumu, idara ipitie wasifu wa kila mtumishi na kumwambia kwa maandishi: umekamilisha hiki, umebakiza hiki. Kusubiri mtu ajitokeze humpa faida anayezoea kujitokeza.

Miezi ya likizo ya uzazi itolewe kwenye hesabu ya miaka ya uzalishaji wa makala, na kamati iambiwe hivyo waziwazi. Lakini kuwa makini na sera inayoonekana ya haki kwa sababu tu inawagusa wote sawa. Uchunguzi wa Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns, uliochapishwa 2018, ulitazama idara kubwa za uchumi Marekani zilizowapa wazazi wa jinsia zote muda wa nyongeza kabla ya kutathminiwa kwa ajira ya kudumu. Nafasi ya wanaume kuthibitishwa iliongezeka, ya wanawake ikapungua. Baada ya sera hiyo wanaume walichapisha zaidi kwenye majarida makubwa, wanawake hawakuongeza. Ukiandika sera ya namna hii, ifungamanishe na kazi halisi ya malezi, na uipime baada ya miaka michache.

Tathmini za wanafunzi zisibebe uamuzi peke yake. Kwenye jaribio dogo la kozi ya mtandaoni lililochapishwa 2015, wakufunzi walibadilishana utambulisho wa jinsia. Wanafunzi walimpa alama za juu waliyemdhani mwanaume, hata kwenye jambo kama kurudisha kazi kwa wakati.

Hatua ya 7: Unyanyasaji na rushwa ya ngono

Mwanafunzi wa uzamili anayemtegemea mtu mmoja kwa saini, kwa data, kwa barua na kwa fedha ya utafiti hana pa kukimbilia. Punguza utegemezi huo. Kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili. Pawepo na utaratibu wa kubadili msimamizi bila kueleza sababu, na bila kupoteza data wala fedha. Wanafunzi waelezwe utaratibu huo siku ya kwanza, si siku ya tatizo.

Milango ya kuripoti iwe zaidi ya mmoja, na mmojawapo uwe nje ya idara. Kila hatua iwe na siku zilizotajwa. Kwenye kazi za uwandani, taja kabla ya safari: nani analala wapi, nani ana namba ya simu ya nani, na mtu akitaka kurudi nyumbani nauli inatoka wapi.

*Onyo:* usimkalishe mlalamikaji na mtuhumiwa meza moja "wayamalize". Na usifanye uchunguzi wewe mwenyewe. Kazi yako ni kupokea, kuandika tarehe na maneno kama yalivyosemwa, na kufikisha panapohusika siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Muda na mahali

Vikao viishe kabla ya saa za kuwachukua watoto. Chumba cha kunyonyeshea kiwe na mlango unaofungwa, kiti, soketi ya umeme na jokofu; stoo ya karatasi haihesabiki. Njia, vyoo na maabara vifikike kwa kiti cha magurudumu. Koti la maabara, glavu na barakoa ziagizwe kwa saizi zote, maana glavu kubwa mkononi ni hatari ya kweli.

Hatua ya 9: Gusa na utafiti wenyewe

Watu husahau hapa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipunguza kwa nusu dozi iliyopendekezwa kwa wanawake ya dawa ya usingizi ya zolpidem, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa vidonge vya kawaida, kwa sababu miili ya wanawake huiondoa polepole zaidi na wangeweza kuamka wakiwa bado na dawa mwilini. Dawa ilikuwa sokoni nchini humo tangu miaka ya 1990. Kwenye fomu ya andiko la mradi ongezeni swali moja: je, jinsia inaweza kubadilisha matokeo haya, na kama ndiyo, mtaichambuaje?

Ukikwama

*"Wanawake hawaombi kazi zetu."* Soma tangazo lenu la mwisho kwa sauti. Mara nyingi lina sifa kumi na tano "za lazima" ambazo hata waliopo hawana. Baki na tano. Kisha ulitume kwa watu wengine, maana mkilituma kwa marafiki walewale watawaletea waombaji walewale.

*"Sipewi takwimu."* Anza na zilizo wazi: tovuti ya idara, ratiba, programu za makongamano, orodha za kamati. Ukipeleka jedwali lenye mapengo, ofisi ya utumishi huwa inayajaza ili lisiwaonyeshe vibaya.

*"Wanaume wanasema wanabaguliwa."* Waonyeshe taratibu zenyewe. Vigezo vya maandishi, zamu, jedwali la mzigo: kijana wa kiume asiye na mlezi mkubwa naye anafaidika. Atakayepinga hata hayo, mwombe aandike pendekezo lake.

*"Mkuu amebadilika, mpya hajali."* Ndiyo maana tulitaka saini na hati ya wazi. Mpelekee mkuu mpya ukurasa mmoja wenye majedwali matatu na ahadi za mtangulizi wake, na uombe dakika kumi.

*"Mwaka umeisha, namba hazijabadilika."* Idara ya watu 24 ikiajiri mmoja kwa mwaka haiwezi kubadilika haraka kwenye jedwali la ngazi. Tazama vinavyotembea mapema: orodha fupi, zamu za kazi, idadi ya waliopewa barua ya mapitio ya vyeo, siku zilizochukuliwa kujibu malalamiko. Kama hivyo navyo vimesimama, chagua kimoja, umwite mhusika ambaye jina lake liko kwenye mpango, muulize nini kilimzuia.

*"Muda wangu unaisha, nani ataendeleza?"* Anza kumzoesha mrithi miezi sita kabla, na afadhali awe mwanaume safari hii kama watangulizi wote walikuwa wanawake. Mwachie faili moja: hadidu za rejea, majedwali ya kila mwaka, karatasi ya vigezo, orodha ya zamu, namba za watu wa kuripoti. Taarifa za waliolalamika zisiwemo humo. Hizo zibaki kwenye ofisi iliyozipokea.